Hisabati, Kibodi na Ajira ya Mwanafunzi Mwenye Ulemavu

Kazi za kompyuta zina sifa moja ambayo kazi nyingine nyingi hazina. Malighafi yake ni maandishi na data, na maandishi yakishakuwa ndani ya mashine yanaweza kusikilizwa, kukuzwa, kuguswa kwa vidole au kuandikwa kwa swichi moja bila maana yake kubadilika. Mhandisi asiyeona husoma mistari ile ile ya programu anayosoma mwenzake anayeona. Kiziwi hujadiliana na timu yake kwa ujumbe wa maandishi, na timu nyingi za programu hufanya hivyo hata pale ambapo wote wanasikia. Ingetarajiwa basi kwamba fani hii ndiyo ingekuwa na watu wengi wenye ulemavu kuliko fani zote. Afrika Mashariki hali haijawa hivyo, na wanaolaumu waajiri peke yao wanaanza hadithi katikati. Wanafunzi wengi wenye ulemavu hawafiki hata kwenye usaili, kwa sababu njia ilishazibwa wakiwa bado shule ya msingi au kidato cha kwanza.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022, lilikadiria kuwa watu bilioni 1.3, takribani asilimia 16 ya watu wote duniani, wana ulemavu mkubwa. Katika kundi kubwa kiasi hicho mahitaji yanatofautiana mno. Kinachomfaa asiyeona hakimsaidii kiziwi, na mwenye ulemavu wa mikono anaweza asihitaji chochote kati ya hivyo viwili. Maandalizi ya kazi za teknolojia huharibika mapema pale shule inaponunua kompyuta 20 zinazofanana, ikazifungia kwenye chumba kimoja, kisha ikaamini kuwa suala la ulemavu limeshughulikiwa.

Kikwazo cha kwanza, na kizito kuliko vyote kwa wasioona, ni hisabati. Katika shule nyingi za Kenya na Tanzania mwanafunzi asiyeona huelekezwa mapema kwenye lugha, historia na dini, na baadaye kwenye ualimu au sheria. Wanaomwelekeza humtakia mema. Wanaona kwamba mwalimu wa hesabu hajui nukta nundu za hisabati, michoro ya jiometri ya kugusa haipo, na mtihani unakaribia. Kumpunguzia mzigo huonekana ni huruma. Gharama ya huruma hiyo hujitokeza miaka kadhaa baadaye, chuo kinapodai ufaulu wa hisabati kwa kozi ya sayansi ya kompyuta, na kijana mwenye akili ya kutosha hana hata sifa ya kujaza fomu ya maombi.

Maisha ya Abraham Nemeth, Mmarekani aliyezaliwa asiyeona mwaka 1918, yanaonyesha ushauri wa namna hiyo unavyoweza kupoteza kipaji. Alipenda hisabati tangu ujana, lakini washauri wake walimwambia haimfai, naye akasomea saikolojia hadi shahada ya uzamili. Hakuiacha hisabati. Alibuni mfumo wa nukta nundu wa kuandikia hesabu, unaoitwa kwa jina lake hadi leo, akawa mhadhiri wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Detroit, na baadaye akajifunza sayansi ya kompyuta na kuanzisha masomo ya fani hiyo chuoni hapo. Nemeth alikuwa na ukaidi wa pekee. Mfumo wa elimu hauwezi kujengwa juu ya matumaini kwamba kila mtoto asiyeona atakuwa na ukaidi kama wake.

Ugumu wenyewe, ukichunguzwa, uko zaidi katika namna hesabu inavyowasilishwa kuliko katika kuifikiri. Mwalimu anapotamka darasani "moja juu ya eksi jumlisha mbili", wanaoona hutazama ubao na kujua papo hapo kama ile mbili iko chini ya mstari wa sehemu au iko pembeni yake. Asiyeona anabaki na hesabu mbili tofauti ndani ya sentensi moja. Eksi ikiwa 2, hesabu ya kwanza inatoa robo, na ya pili inatoa mbili na nusu. Mwanafunzi akikosea hapo huandikiwa kwamba hajui hesabu, ilhali hakupewa hesabu kamili. Tiba ya kosa hili haigharimu shilingi: mwalimu atamke "sehemu inaanza" na "sehemu imeisha", kila mara, mpaka iwe mazoea. Kwenye kompyuta kazi hiyo hufanywa na MathML au LaTeX, ambazo huandika hesabu kwa maneno na alama badala ya picha, kiasi kwamba programu inayosoma skrini hutambua mwanzo na mwisho wa kila sehemu. Mwanafunzi anayezoea LaTeX akiwa sekondari hupata faida ya pili bila kukusudia, maana tayari ameanza kuandika lugha ambayo kompyuta inaielewa.

Kikwazo cha pili ni kibodi. Asiyeona hatumii kipanya. Hufanya kila kitu kwa amri za kibodi huku programu ya kusoma skrini ikimtamkia kilichopo. Kwa miaka mingi programu iliyotawala ilikuwa JAWS, ambayo bei yake ilikuwa juu ya uwezo wa shule nyingi za kwetu. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika NVDA, akaungana na mwenzake James Teh, naye asiyeona, na wakaamua itolewe bure. Uamuzi wao umefungua milango mingi kuliko misaada ya vifaa iliyopigwa picha magazetini. NVDA huja na sauti za eSpeak NG zinazojua lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Sauti hizo si tamu sikioni, na wanaozisikia mara ya kwanza hulalamika. Mtumiaji mzoefu huongeza kasi hadi msikilizaji wa pembeni asiambulie neno, naye akapitia ukurasa mzima kwa muda mfupi sana.

Kasi hiyo haipatikani kwa semina ya siku tatu. Hujengwa kwa miaka, kama anavyojengwa msomaji yeyote, na ndiyo maana umri wa kuanza ni jambo kubwa. Mtoto aliyezoea mashine ya nukta nundu ya Perkins, yenye vitufe vya nukta 6, anahitaji kuanza kibodi ya kompyuta akiwa bado darasa la nne au la tano, aipapase mpaka vidole vijue mahali pa kila herufi. Shule inayosubiri kidato cha tatu inamfikisha chuoni akiwa anatafuta herufi huku wenzake wanaandika programu. Na kompyuta ya asiyeona haishirikiwi. Wanafunzi wawili wanaoona wanaweza kukaa mbele ya skrini moja na wote wakajifunza kitu; wasioona wawili wenye kisikizi kimoja, mmoja anajifunza na mwingine anasubiri. Hesabu ya mashine kwa wanafunzi ifanywe kwa kuzingatia ukweli huo.

Nchini Kenya, shirika la inABLE, lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika mwaka 2009, lilianza na maabara ya kompyuta katika Shule ya Wasioona ya Thika, ambayo ipo tangu 1946, kisha likaendelea katika shule nyingine. Jambo la kuiga katika kazi hiyo ni mpangilio wake: mafunzo huanza mapema, huendeshwa na wakufunzi wanaojua programu za kusoma skrini, na huwa sehemu ya maisha ya shule. Nje ya shule chache za aina hiyo, vijana wengi wasioona hufundishwa na simu zao. Simu za Android huwa na TalkBack, programu yake ya kusoma skrini, na kijana huijifunza kwa kuulizana na wenzake kwenye makundi ya WhatsApp. Huo ni mwanzo mzuri, ingawa mtu hawezi kujifunza kuandika programu ndefu kwa kupapasa kioo.

Hapo ndipo swali la lugha ya kufundishia programu linapoingia. Watoto wengi duniani huanza na Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007, ambamo mtoto huburuta vipande vya rangi kwa kipanya na kuviunganisha. Kwa anayeona ni mchezo mzuri. Kwa asiyeona ni ukuta, kwa kuwa kila hatua yake inategemea kuona kipande kiko wapi na kukishika kwa kipanya. Mwalimu asiyejua hilo humwacha mtoto asiyeona akae kando "asikilize", na mtoto anarudi bwenini akiamini kwamba kompyuta ni kitu cha wanaoona. Vipo vibadala. Quorum, lugha iliyotengenezwa na Andreas Stefik na wenzake, ilibuniwa tangu mwanzo kwa kuwafikiria wasioona, na maneno yake yalichaguliwa baada ya kupimwa kwa wanaoanza. Code Jumper, iliyotoka maabara za utafiti za Microsoft, hutumia vipande vya plastiki vinavyounganishwa kwa waya na kutoa sauti.

Baada ya hapo wengi huingia Python, kwa sababu ndiyo inayotumiwa na vyuo na kampuni. Python ina tabia inayohitaji maelezo. Nafasi tupu mwanzoni mwa mstari zina maana: mstari uliosogezwa ndani kwa nafasi 4 uko chini ya sharti lililotangulia, na usiposogezwa uko nje yake. Jicho huona ngazi hizo bila kujitahidi. Sauti ya kompyuta, isipoambiwa, huzipita kimya, na asiyeona anaandika programu iliyo sahihi kwa kila neno lakini isiyofanya kazi. Ndani ya NVDA kuna mpangilio wa kutangaza nafasi za mwanzo wa mstari, ama kwa kutamka idadi yake, ama kwa toni inayopanda kadiri mstari unavyoingia ndani. Kwa kawaida mpangilio huo huwa umezimwa. Mwanafunzi aliyehangaika wiki nzima na kosa asiloliona anaweza kuokolewa na mwalimu anayejua kuuwasha kwa nusu dakika. Elimu ya aina hii, ndogo na mahususi, ndiyo inayokosekana zaidi ya fedha, na mafunzo ya walimu yangepaswa kujaa elimu hiyo.

Wenye uoni hafifu wana habari yao, na kwa Tanzania habari hiyo inawahusu hasa watu wenye ualbino. Ualbino huja na uoni hafifu na macho yanayoumizwa na mwanga mkali. Mwanafunzi mwenye ualbino anaweza kukaa dawati la mbele kabisa na bado asisome ubao, kisha akahesabiwa mzembe. Mbele ya kompyuta hali hubadilika: skrini husogezwa karibu na uso, herufi hukuzwa, mandhari ya skrini hugeuzwa kuwa nyeusi yenye maandishi meupe, na mwanga hupunguzwa. Mipangilio hiyo imo ndani ya Windows na Android bila malipo. Kuna faida nyingine ambayo familia huielewa haraka kuliko maofisa: kazi ya kompyuta hufanyika kivulini, na jua la mchana ni hatari ya saratani kwa ngozi yenye ualbino. Kijana huyu hahitaji shule maalumu ili awe mhandisi wa programu. Anahitaji mwalimu ambaye atamtumia maandishi ya ubaoni kwenye faili kabla ya kipindi, na kiti ambacho hakitazamani na dirisha.

Kwa viziwi tatizo liko kwenye lugha. Kompyuta yenyewe haiwazuii chochote. Kinachowazuia ni maelezo yanayotolewa kwa sauti na vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza ambacho kwa wengi wao ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya alama na Kiswahili cha maandishi. Katiba ya Kenya ya 2010 iliipa Lugha ya Alama ya Kenya nafasi ya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lakini darasani, hata mkalimani akiwepo, kuna jambo ambalo walimu wengi hawalijui. Mwalimu anapofundisha kwa projekta huongea huku akibofya. Kiziwi ana macho mawili yanayotazama mahali pamoja: akimtazama mkalimani, haoni kilichobofywa; akitazama skrini, hapati maelezo. Suluhisho ni mwendo wa ufundishaji. Mwalimu aseme, anyamaze mkalimani amalize, ndipo abofye, asubiri, aendelee. Kipindi kinarefuka kidogo, na wanafunzi wanaosikia nao huelewa zaidi.

Istilahi ni suala jingine. Maneno kama kigeu, kitanzi na hifadhidata hayana ishara zilizokubalika kila mahali, hivyo mkalimani huyaandika kwa vidole herufi moja moja, na somo linakwama. Kule Rochester, jimbo la New York, Marekani ilianzisha chuo cha taifa cha ufundi kwa viziwi kwa sheria ya 1965, na wanafunzi wa kwanza waliingia 1968. Kwa zaidi ya nusu karne viziwi wenyewe wamekuwa wahandisi na wahadhiri huko, nao ndio waliozikuza ishara za fani zao. Ishara hukua pale wanapokuwepo viziwi wanaofanya kazi hiyo. Kwa hiyo vyuo vya ufundi vya Kenya na Tanzania vinavyodahili viziwi vingefanya vyema kuwadahili kwa vikundi katika kozi moja, badala ya mmoja mmoja katika kozi nyingi, ili wawe na wa kujadiliana nao na ishara zizaliwe.

Wenye ulemavu wa viungo mara nyingi hukwamishwa na jengo kabla ya kukwamishwa na mashine. Maabara ya kompyuta huwekwa ghorofani kwa kuogopa wezi na vumbi, na mwenye kiti mwendo hubebwa mgongoni na wanafunzi wenzake au hukosa kipindi. Kuhamishia maabara chini ni uamuzi wa mkuu wa shule, hauhitaji mfadhili. Kwa anayetumia mkono mmoja, au ambaye mikono yake hutetemeka, kompyuta ina mipangilio inayomwezesha kubonyeza vitufe kimoja baada ya kingine pale ambapo amri inataka viwili kwa pamoja, na inayopuuza kitufe kilichoguswa kwa bahati mbaya. Wapo pia wenye usonji na wenye matatizo ya kusoma, ambao shule zetu mara nyingi hazijawatambua. Ilhali waajiri wanaowatafuta wapo: kampuni ya programu ya SAP ya Ujerumani ilianza mwaka 2013 kuajiri kwa mpango maalumu watu wenye usonji, ikibadilisha usaili wa maneno kuwa kazi za vitendo.

Vitabu vinastahili kutajwa, kwani fani hii hujifunzwa kwa kusoma. Kitabu kilichopigwa picha na kuhifadhiwa kama PDF ni picha tupu kwa programu ya kusoma skrini. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaruhusu taasisi husika kutengeneza nakala zinazosomeka na wasioona bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki, na kuzipeleka nchi nyingine zilizojiunga. Kenya ilijiunga 2017, Tanzania 2020. Maktaba nyingi za vyuo bado hazijautumia mkataba huu, ingawa unazipa haki ya kuomba nakala kutoka maktaba za nje badala ya kuchapa upya kila kitabu.

Kuhusu kumvusha mwanafunzi kutoka shuleni hadi kazini, mfano mmoja uliodumu ni mpango wa DO-IT wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, ulioanzishwa na Sheryl Burgstahler mwaka 1992. Wanafunzi wa sekondari wenye ulemavu wa aina mbalimbali huishi chuoni kwa muda wakati wa likizo ya kiangazi, hujifunza kompyuta, na huunganishwa kwa barua pepe na walezi wa kitaaluma, wengi wao wakiwa wenye ulemavu walioajiriwa. Ubora wa mpango huu uko kwenye ulezi huo. Mwalimu anayeona anaweza kumfundisha asiyeona Python, lakini hawezi kumweleza namna ya kuingia kwenye kikao ambacho wenzake wanachora mchoro ubaoni, au namna ya kumwambia bosi mpya kwamba mfumo wa ofisi hausomeki bila kuonekana mlalamishi. Anayeyajua hayo ni yule aliyeyapitia. Kwa vile mawasiliano yenyewe ni ya maandishi, mlezi anaweza kuwa Nairobi na mwanafunzi akawa Tabora au Goma.

Kwenye ajira, sheria zipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Katiba ya Kenya inaweka lengo la asilimia 5 katika nafasi za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa. Hata hivyo kampuni za teknolojia huchuja waombaji kwa mitihani ya mtandaoni yenye saa inayokimbia na kurasa zisizosomeka na NVDA, na mwombaji huanguka kabla mtu yeyote hajasoma jina lake. Mwanafunzi afundishwe, akiwa bado chuoni, kuandika barua fupi ya kuomba muda wa ziada au mtihani wa namna nyingine, akitaja kifaa anachotumia na kitu mahususi anachohitaji. Maombi ya jumla husahaulika. Ombi la "dakika 30 za ziada na maswali kwenye faili la maandishi" hujibika.

Soko lenyewe limefungua nafasi mpya. Sheria ya Ulaya ya ufikivu ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025, na kampuni zinazouza bidhaa na huduma za kidijitali huko zinahitaji wapimaji wanaojua WCAG, mwongozo wa ufikivu wa tovuti. Kijana asiyeona wa Mombasa au Arusha anaweza kupima tovuti ya benki ya Ulaya akiwa kwao. Ni kazi halali yenye kipato, lakini vyuo visiifanye kuwa chumba pekee cha wasioona. T. V. Raman, asiyeona, aliandika Emacspeak, programu ya kutumia kompyuta kwa sauti, katika miaka ya 1990 na akawa mtafiti Google. Saqib Shaikh, naye asiyeona, aliongoza utengenezaji wa Seeing AI, programu ya simu inayowaelezea wasioona kilicho mbele yao, ndani ya Microsoft. Hao ni wahandisi wanaojenga vitu, na mwanafunzi anayetaka usalama wa mitandao au uchambuzi wa data afundishwe hivyo hivyo.

Linabaki jambo la vifaa siku ya kuhitimu. Kompyuta yenye mipangilio yote, kisikizi na kifaa cha nukta nundu huwa mali ya shule, na hubaki shuleni. Mhitimu huondoka na cheti, akakaa nyumbani mwaka mzima bila mashine, na kasi aliyoijenga kwa miaka ikapotea. Wafadhili na serikali wanaotoa vifaa kwa taasisi wangeweza kutenga sehemu yake kwa mkopo wa muda mrefu unaomfuata mwanafunzi hadi apate kazi. Sambamba na mashine hiyo aondoke na akaunti ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu, yenye kazi alizozifanya mwenyewe, barua ya mafunzo kwa vitendo kutoka ofisi halisi, orodha ya vifaa saidizi anavyovitumia na jinsi ya kuviweka, pamoja na namba ya mlezi mmoja ambaye tayari yuko kazini.